Dizeli ya Karavani

Kisa hiki nilisimuliwa kwanza na shangazi yangu wa Mahabibo, siku ya Idi, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Mumewe, fundi wa injini za mashua aliyestaafu bandarini Andoany, alinunua karavani, kijumba cha magurudumu, ya kupumzikia Belobaka. Walipokwenda dukani kuitafutia jenereta ya umeme, akashika ya dizeli, haachi.

“Ya petroli haina kelele,” shangazi akasema. “Nataka kulala mchana.”

“Petroli ikishika moto baharini, utakimbilia wapi?”

“Belobaka ni nchi kavu, baba watoto. Utafungua mlango utoke.”

Mwenye duka akageukia ukuta acheke. Dizeli ikanunuliwa.

Jumapili ilipowashwa, shangazi akakunja mkeka, akaenda kulala kwa jirani. Jumatatu mzee akairudisha dukani mwenyewe. Mabaharia hushuka pwani na hofu zao zote.

Mzee amefariki, Mungu amrehemu. Shangazi na mwenye duka wangali hai.