Matairi ya Mtu wa Rika la Baba

Mimi huandika polepole. Niliishia darasa la nane, na mkono wangu umezoea kisu kuliko kalamu. Tangu niache shule ninafanya kazi na babu hapa Bisil: tunakata akala, yaani viatu vya mpira, kutoka kwa matairi yaliyochakaa na kuziuza siku ya soko. Kwa hiyo tairi ninalijua kwa ndani.

Mwaka jana tairi la nyuma la gari letu lilipasuka karibu na Isinya. Ni gari la watu wanane, limenizidi umri, na siku hiyo mama alikuwa ndani na wadogo zangu watatu. Halikupinduka. Mama alishuka akaketi kando ya barabara, akawakumbatia watoto. Baba akasema matairi yote manne yatabadilishwa, na yatanunuliwa Kitengela, kwa mtu wa rika lake.

Kwetu, mtu wa rika la baba ni baba yako pia. Walitahiriwa pamoja, wakawa morani pamoja. Huwezi kupita duka lake ukanunue kwingine, wala kukagua bidhaa zake kama za mtu usiyemjua. Mimi nilienda ili nichukue yale ya zamani tukatie akala. Tulipofika niliinamisha kichwa, kama mtoto anavyomsalimu mkubwa kwetu, mwenye duka akakiwekea kiganja kuniitikia, nikajitenga kando. Ndivyo ninavyojulikana: yule msichana asiyeongea.

Matairi yalikuwa yamepangwa mlangoni, meusi, yamepakwa mafuta yakang'aa. Mwenye duka alisema yametoka ng'ambo na hayajatembea sana. Baba alipiga moja teke, akaridhika, wakaingia habari za ng'ombe na mvua. Mfanyakazi alikuwa ameshainua gari kwa jeki na kufungua gurudumu la kwanza.

Nilichuchumaa nikatia kidole kwenye mfereji katikati ya meno ya tairi. Tairi likitoka kiwandani huwa na vivimbe vidogo chini ya mfereji, vya kuonyesha limelika kiasi gani. Hapa havikuwepo. Kingo zilikuwa na alama za kisu, kama zile ninazoacha mimi. Nikabonyeza kwa ukucha, na chini ya mpira mwembamba nikagusa nyuzi. Mtu alichukua tairi lililoisha akalichonga meno upya.

Nilimvuta baba shati nikamnong'oneza. Akautoa mkono wangu.

"Nyamaza. Huyu ni baba yako."

Mwenye duka alisikia. Alimwambia mfanyakazi wake wakae sawa, mshona viatu amekuja kuwafundisha kazi, na wote wawili wakacheka. Kisha akanigeukia kwa upole. "Mwanangu, hizi zitakufikisha Illasit kule mpakani na kukurudisha. Sasa uko na shida gani nazo?"

Spana ilikuwa chini, karibu na mguu wangu. Niliiokota nikaificha mgongoni, gurudumu lisifungwe.

"Papa, hizi ni za kukata akala," nikamwambia mwenye duka. "Mama hawezi kupanda gari liko na hizi."

"Lete spana," baba akasema.

"Sileti. Kwanza tia kidole hapa, baba."

Alikitia ili aniaibishe, nadhani. Kidole kilikaa mle muda mrefu. Aliposimama hakumlaumu mwenzake hata kwa neno moja. Alimwambia mfanyakazi arudishe gurudumu letu la zamani, na spana nikaitoa.

Tulinunua ng'ambo ya barabara, kwa mama mmoja aliyetoka Garissa. Nilikagua matairi yote manne, mfereji kwa mfereji. Baba alisubiri bila kuniharakisha.

Njiani ndipo aliponikaripia. Nimemvunjia heshima mbele ya rika lake, akasema, nirudi siku nyingine nikaombe msamaha. Nikasema sirudi. Akarudia, nikasema hivyo hivyo. Tulipofika Isinya, pale mama alipokuwa ameketi, aliliacha jambo hilo, na hakulitaja tena.

Mwezi uliopita mwenye duka alikuja kwetu kwa sherehe. Nilimwendea mbele ya wageni nikainamisha kichwa. Mkono haukuja. Ningeweza kuinuka niende zangu, na watu wangesema sina adabu. Nilibaki nimeinama, wageni wakimtazama yeye, nami nikitazama viatu vyake, mpaka mkono ukaja.