Nyota Iliyompigisha Mwanangu Magoti

Mpaka leo nikiikumbuka siku ile damu inanichemka, na sehemu kubwa ya hasira hiyo najikasirikia mwenyewe.

Nilikuwa kwenye cherehani yangu Majengo, mwalimu wa fizikia wa binti yangu akanipigia simu. Nije haraka, mtoto hana nidhamu. Nikaacha sketi ya mteja imekunjwa pindo nusu, nikapanda bodaboda.

Kosa lenyewe sasa. Walikuwa wanasoma habari za nyota, kidato cha pili, binti akanyoosha mkono. Akasema kuna nyota nyekundu, jua letu si kitu mbele yake, wala haimo kwenye galaksi yetu, imo kwenye galaksi ya jirani, na wataalamu wameipiga picha ya karibu ikiwa imezungukwa na vumbi lenye umbo la yai. Mwalimu akamuuliza mbele ya darasa zima, "Nani alikwenda huko kuipiga? Shangazi yako?" Wakacheka. Binti akasema ni kweli, ameisoma. Basi, hapo ikawa amebishana na mwalimu.

"Mama, huyu mtoto anajifanya mjuaji," aliniambia ofisini. "Anapotosha wenzake."

Mimi niliyeishia darasa la saba ningesema nini? Mwalimu ni mwalimu. Sikumuuliza mwanangu hata swali moja. Nilimwamuru apige magoti palepale, walimu wote wanaona, aombe radhi kwa kusema uongo. Alinitazama mimi, siyo mwalimu. Kisha akapiga magoti, akasema, "Naomba radhi, mwalimu. Nilisema uongo." Nikashukuru, nikaaga, nikarudi kwenye sketi yangu najiona mama mwenye msimamo.

Wiki hiyohiyo sista mmoja anayefundisha sayansi Peramiho alikuja kuchukua mashuka niliyomshonea. Nikamsimulia, nikidhani tutacheka. Hakucheka. Alitafuta kwenye simu yake, akanionyesha kitu kama yai la moto lililofifia pembeni. "Ndiyo hiyo nyota," alisema. "Mtoto yuko sahihi."

Nilikwenda shuleni hata cherehani sikuifunika. Nilitaka mwalimu amwombe binti radhi darasani, mbele ya walewale waliomcheka. Akatabasamu tu. "Mama, yaishe. Hayo hayamo kwenye mtihani." Eti yaishe. Mtu mzima, msomi, simu iko mfukoni, anaona tabu kutazama kabla ya kumwita mtoto wa mwenzake mwongo! Nilimpa maneno ambayo siyarudii hapa, na siyajutii.

Lakini si yeye aliyempigisha magoti. Ni mimi. Nimemwomba binti yangu radhi mara tatu, naye hunijibu, "Haina shida, mama," kwa adabu zote.

Juzi alirudi nyumbani mapema kutoka shuleni, amejishika tumbo. Nikamuuliza ana nini.

"Mama, nikisema naumwa utaniamini, au nikamwite mwalimu kwanza?"

Hakuwa akinikejeli. Aliuliza kweli, akasimama mlangoni kusubiri jibu.