Komedi ya surround pale Malaba, na kilio kilichotoka nyuma yetu

Wakuu, hamjambo humu ndani. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Miaka ya tisini nilikuwa nauza spea za baiskeli Malaba, upande wetu wa Kenya. Mke wangu Nafula, mtu wa Butula, alikuwa anauza samaki. Alikuwa mcheshi hadi wateja wanasahau kuondoka.

Malaria ikamchukua mtoto wetu Wandera. Hata kutembea hakuwa ameanza.

Nafula akanyamaza. Anapika, anafua, lakini neno hatoi.

Jirani yetu Barasa alikuwa na video hall, na ndio tu ameleta amplifaya ya surround kutoka Kampala. Spika mbili mbele, mbili nyuma.

Akaniambia, "Boss, mlete mama. Nitaweka komedi ya TV. Maneno yanatoka mbele, vicheko vinatoka nyuma, unajiona umekaa katikati ya watu wenye furaha."

Nikampeleka Jumapili, tukitoka kanisani.

Na kweli, ile kitu ilifanya kazi. Vicheko vilituzunguka. Nikaona mabega yake yamelegea. Akatabasamu. Nikashukuru Mungu kimoyomoyo.

Halafu ikaja scene ya baba ameachiwa mtoto, hajui kumlaza. Vicheko vikapungua polepole mpaka kimya.

Mtoto akalia.

Sio mbele kwa screen. Nyuma yetu, upande wa kushoto.

Wanaojua mixing, yaani kuchanganya sauti za filamu, watawaambia hiyo ndiyo kazi yenyewe: wanaondoa kelele yote ili sauti moja ikuingie. Mimi nilikuwa sijui.

Nafula akageuka. Akasimama, akapita kati ya mabenchi mpaka kwa ile spika, akainama.

"Baba Wandera, umemsikia?"

"Mama, hiyo ni kanda tu."

"Yuko huku. Njoo."

Vicheko vikarudi kwa mpigo, vya kanda pamoja na vya watu mle ndani. Walidhani anatania. Barasa alipozima, Nafula alikuwa ameshaziba masikio.

Wiki hiyo akarudi kwao. Nilimfuata Butula mara nyingi. Mwisho mama mkwe akaniambia, "Baba, akisikia sauti yako anaanza kumtafuta mtoto. Mwache."

Nikamwacha. Hakurudi tena.

Nilichojifunza: mwenye msiba usimharakishe kucheka. Kaa naye kwa hicho kimya chake, hata kama kinakumaliza.

Waliopitia kama haya waandike hapa chini, nitasoma zote.

Na kama kuna fundi wa sauti humu, nina swali. Yule mtoto anayelia huwa ni mtoto wa kweli? Mkishamaliza kurekodi, kuna mtu anambeba?