Mkalimani wa Madeni ya Jirani

Miaka ile nilikuwa mtu wa tai. Kazi yangu ilikuwa kufagia maghala katika eneo la viwanda la Jordbro, lakini nikitoka nyumbani, mtaa wa Hagsätra, nilivaa tai, ili watu wa kanisani waone kwamba Ulaya imenikubali. Tai yenyewe niliinunua kwa mkopo. Sofa pia, na gari lililokufa kabla sijamaliza kulilipia.

Siku moja jirani yangu, mama mmoja Mkongo, alinibishia hodi.

"Papa, nisindikize kwa mshauri wa madeni wa manispaa. Wewe unajua Kiswidi. Mimi hizi dettes zitanimaliza."

Nikakubali kwa maringo.

Mshauri, mwanamke mpole, alieleza kuhusu skuldsanering: ukithibitisha kwamba madeni yamekushinda kabisa, unaishi kwa kiasi kidogo miaka mitano, kinachozidi wanapewa wanaokudai, kisha salio linafutwa. Akauliza kama mama anafungua bahasha za madai. Nikatafsiri.

"Nafungua zote," mama akajibu.

Zangu nilizificha kwenye droo, chini ya mataulo.

Mshauri akauliza tena: je, anakopa ili alipe mkopo mwingine?

"Kukopa nilipe mkopo? Mimi si mwehu!"

Nikatafsiri "hapana" tu. Jasho lilikuwa limeshalowesha kola.

Ikaonekana deni la mama ni dogo. Akapangiwa kulipa kidogo kidogo. Nilimfikisha mlangoni, nikarudi kwa mshauri.

"Nina rafiki yangu," nikaanza.

Mshauri akanitazama. "Huyo rafiki leo amevaa tai?"

Nikaketi.

Nyumbani nilimweleza mke wangu yote. Hata hakuacha kumenya viazi.

"Baba watoto, mataulo humu ndani anafua nani? Barua zako nimezisoma zote. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe."

Fomu ya kuomba skuldsanering ilitaka nieleze nilivyoingia kwenye madeni. Niliandika ukurasa mzima juu ya vita, ukimbizi na baridi. Mke wangu akausoma, akaukunja, akasema, "Vita havikununua sofa. Andika: nilitaka kuonekana."

Nikaandika hivyo hivyo. Baada ya miezi mingi ya kungoja, ombi likakubaliwa.

Miaka mitano hiyo mke wangu alininyoa jikoni, upande mmoja ukiwa juu kuliko mwingine, na Jumapili nikaenda kanisani hivyo hivyo. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi: muda wote ule, hakuna aliyekuwa akinitazama.