Vigingi vya Kamati na Mbuzi wa Marungu

Kama hukuwahi kumwona Crispus Mwandawiro akisimamisha lori la mkonge kwa kidole kimoja, basi wewe serikali hujaiona. Voi ya mwaka wa hamsini na sita ilikuwa na polisi, ilikuwa na mabwana wakubwa, ilikuwa na chifu na kofia yake. Lakini mtu wa kuwaambia wote hao "ngoja hapo" nao wakangoja alikuwa mmoja tu, na kaptura yake ilikuwa na viraka viwili matakoni.

Kazi yake ilikuwa geti la reli ya Taveta, pale barabara ya sokoni inapokatiza njia. Geti lenyewe boriti moja tu, limefungwa jiwe mkiani ili lisimshinde mtu kuinua. Crispus alikuwa na bendera nyekundu, bendera ya kijani, na mguu wa kulia. Mguu ndio uliokuwa fundi. Alivua kiatu, akakanyaga chuma cha reli, akafumba macho kama mzee wa kanisa wakati wa sadaka, kisha akatangaza: "Gari la moshi limetoka Mwatate. Limebeba ng'ombe." Likifika limebeba mkonge, anasema ng'ombe wameshukia njiani.

Kwao Mghange, milimani, kila Krismasi, mambo yalikuwa makubwa zaidi. Kule hakuwa mtu wa geti. Kule, kwa masimulizi yake, alikuwa anasimamisha gari la moshi lenyewe na dereva anamwamkia. Wazee wakampa kiti cha kuegemea, wao wamekalia vigoda. Sasa mtu aliyekwisha kuegemea, mwambie arudi kigodani uone.

Taabu ilianza siku lori lilipozimika juu ya reli, gari la moshi likalinyofoa taa za nyuma. Hakufa mtu, hata kuku. Lakini Kamati ya Mji ilikaa, ikanywa chai, ikakata shauri kwamba mji upangwe upya. Barabara ya sokoni izibwe. Ichorwe nyingine iliyonyooka, ivukie reli huko nje ya mji mahali peupe, ambapo mtu anaona mbali pande zote. Na kwa kuwa anaona mbali, geti la nini? Litawekwa bao la alama lililoandikwa SIMAMA, TAZAMA, SIKILIZA.

Habari ililetwa na Solomon, karani wa Kamati, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni, moja ikiwa na wino.

"Mwandawiro, bao halilali, haliugui, wala haliombi nyumba."

"Na mbuzi wa Marungu watalisoma?"

"Watasomewa."

Nyumba ya bati waliyokaa ilikuwa ya geti. Geti likienda, nyumba inaenda. Mkewe Mkamburi alimtazama, mikono kiunoni. "Baba Dinah, nianze kufunga mizigo? Na ukifika Mghange utawaambia nini? Kwamba umefukuzwa na ubao?"

Crispus alisukuma uji kando, akatoka kuangalia geti.

Jumatatu fundi wa kupima ardhi akapigilia vigingi vyake, vichwa vimepakwa rangi nyeupe, mstari mmoja kutoka sokoni hadi mahali papya. Fundi alikuwa na darubini, lakini hakuwa ameambiwa kwamba Jumanne ni soko la mbuzi.

Watu wa Marungu walifika na mbuzi wao, kamba mkononi, wakitafuta mizizi ya kufungia kama kawaida. Wakakuta vigingi vipya, vimenyooka, vimepakwa rangi!

"Leo Kamati imetukumbuka," alisema Wakio, mama mmoja mwenye beberu la kumburuta mtu, akalifunga.

Mpaka adhuhuri vigingi nusu vilikuwa vimeng'olewa na mbuzi. Watu wa Marungu wana adabu, hawaachi kigingi cha mwenyewe kimelala chini. Kila aliyeng'oa alipigilia. Ila nani atapigilia juani? Vilihamia kivulini, kimoja baada ya kingine, kuelekea kwenye migunga iliyo kwenye kona ya reli, pale kilima kilipokatwa na mtu haoni hata hatua hamsini.

Wakio alikuja getini na kigingi begani. "Mwanangu, hiki cha serikali kilikuwa wapi?"

Crispus alilitazama tundu la zamani, akatazama kona. "Kule kivulini, mama, karibu na chuma. Serikali haipendi jua."

Jioni alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Barabara itaonekana imelewa, Kamati itaona haya, na mambo yaishie hapo, alijiambia.

Alhamisi Kamati ilikuja kukagua. Mwenyekiti, Mzungu mrefu mwenye kofia nyeupe, alitangulia. Nyuma yake Solomon na ramani, nyuma yake wakubwa wengine wanne. Walifuata vigingi kama bata. Vigingi vikawapitisha nyuma ya choo cha soko, wakapita. Vikawaingiza kwenye miiba, wakaingia. Cha mwisho kikawasimamisha juu ya reli, katikati ya kona. Ramani ikatandazwa kwenye mataruma, yale magogo yanayobeba chuma.

"Ramani na vigingi havipatani," alisema Mwenyekiti.

"Vigingi ndivyo sahihi, bwana," alisema Solomon. "Ramani ni karatasi tu."

Kule getini Crispus alikuwa anafurahia sinema hiyo, mguu wake juu ya chuma kwa mazoea. Ghafla mguu ukaacha kufurahia.

Safari hii hakutangaza limebeba nini. Alishusha geti, maana kazi ni kazi, akachomoa bendera nyekundu, akakimbia na kiatu kimoja. Njia nzima aliiona ile sura ya Wakio ikiuliza, na kidole chake mwenyewe kikionyesha.

"Tokeni! Gari!"

"Mwandawiro, adabu!" Solomon alimfokea. "Hiki ni kikao."

"Kikao kihamie miibani!" Alimkamata Mwenyekiti mkanda wa suruali, akamvuta. Solomon alipoona mkubwa anaporomoka, akaporomoka kwa heshima, na wengine wakafuata. Gari la moshi lilitokea kwenye kona likipiga honi, likachukua ramani na kofia, likaenda navyo stesheni.

Watu wanang'oana miiba.

"Nani aliweka vigingi hapa?" Mwenyekiti aliuliza.

Crispus alikunja bendera yake. Nyumba ya bati ilimpita machoni. "Mbuzi, bwana. Lakini hicho cha mwisho nilielekeza mimi. Sikutaka geti langu lifungwe."

Solomon akachomoa kalamu, ile yenye wino.

"Ngoja," alisema Mwenyekiti. "Ulijuaje gari linakuja?"

"Mguu, bwana."

Mzungu akamtazama. Kisha akaketi, akavua kiatu, akavua soksi, akakanyaga chuma kilichokuwa bado kinatetemeka. Wengine, kwa kuwa mkubwa amevua, wakavua.

Barabara ikachorwa upya, ikavukia mahali peupe, na bao likawekwa. Na geti pia, na nyumba ya geti, na Crispus ndani yake, kwa adhabu moja: kila Jumanne alinde vigingi vya Kamati mpaka barabara iishe. Lile bao Mkamburi alianikia nguo.

Krismasi alipanda Mghange, akasimulia yote, na hakuongeza hata chumvi kidogo. Wazee waliomwamini uongo wake miaka sita wakaanguka kwa kicheko.

"Mwandawiro! Mzungu avue soksi?"

Aliapa, wakazidi kucheka. Lakini kiti cha kuegemea hawakumnyang'anya.