Enid Garside, Aliyesimama Mahali pa Verity Lorne

Shangazi yangu Enid alifanya kazi ya filamu miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakutamka neno hata moja mbele ya kamera.

Alizaliwa Rochdale, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza, na akiwa na miaka kumi na minne tayari alikuwa kwenye mashine za kiwanda cha nyuzi pamoja na mama yake, yaani Bibi yangu. Mwaka 1950 alishinda mashindano ya urembo kule Blackpool, akarudi na utepe begani na kutangaza kwamba anakwenda London kuwa mwigizaji. Bibi hakuacha kumenya viazi.

"Mwigizaji! Wewe hata uongo hujui kusema."

"Nitajifunza, mama."

"Basi chukua koti zito. Waongo nao huona baridi."

Kwenye studio moja magharibi ya London alipanga foleni na wasichana wengi. Fundi wa taa ndiye aliyemwona kwanza.

"Hebu geuka, kipenzi. Ala! Njooni muone, tumempata Verity wa pili!"

Siku hizo picha ya Verity Lorne, nyota wa filamu, ilikuwa kwenye kila ukuta. Wanaume walimuota, wanawake walikata nywele kama zake. Enid alilingana naye kimo, nywele, hata mifupa ya mashavu. Akaajiriwa asimame mahali pa Verity wakati mafundi wanapanga taa, saa nzima, wakati mwingine mbili, jasho likimtiririka mgongoni. Taa zikishakaa sawa, Verity hutoka chumbani kwake akinukia vizuri, Enid akampisha.

Maneno ya Verity aliyajua yote. Aliyasema kimya kimya pembeni, midomo ikicheza, mpaka mwongozaji, Bwana Pargeter, akamwona.

"Unasali?"

"Nipe sentensi moja tu, bwana. Hata ya kuleta chai."

"Enid, ukitokea na uso huo watu watauliza kwa nini Verity analeta chai."

Mafundi wakaangua kicheko. Naye akacheka pamoja nao, kisha akaenda chooni akajifungia.

Verity hakuwa mtu mbaya. Walivuta sigara pamoja ngazini, yeye na hariri, Enid na sweta lake.

"Nakuonea wivu, shoga. Wewe unakula chipsi."

"Tubadilishane basi."

"Hata leo hii," Verity alisema, na hakucheka.

Mwaka 1957 Verity aliugua mapafu, na stesheni ya treni waliyoikodi ilikuwa yao kwa siku moja tu. Mwanamke wa kwenye filamu anaachana na mpenzi wake, anatembea jukwaa zima hadi mwisho. Pargeter akamvika Enid koti la manyoya. "Tembea tu. Usigeuke. Ukigeuka tumekwisha."

Enid akatembea. Katikati ya jukwaa alipunguza mwendo, akasimama, bega moja likashuka kidogo, kisha akaendelea. Hakuna aliyemwagiza hivyo. Aliniambia kwamba pale aliposimama alitaka kugeuka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani, na yule mwanamume hakuwemo kabisa katika mawazo yake.

Magazeti yakaandika kwamba mgongo wa Verity Lorne umeliza nchi nzima. Verity mwenyewe ndiye aliyemletea gazeti.

"Wamekusifu wewe, wakanipongeza mimi. Nimewaomba wakubwa niseme ukweli. Wamekataa."

"Usijisumbue."

"Enid, niangalie."

"Nakuangalia kila siku, Verity. Ndiyo kazi yangu."

Rochdale nako, Bibi alisimama katikati ya ukumbi wa sinema akipiga kelele: "Huyo Enid wangu! Tazameni bega hilo!" Watu wakamwambia akae chini, mama mzima asiwaharibie filamu.

Mwaka 1961 Verity aliolewa, akaacha kuigiza. Enid alibisha hodi kila studio, jibu likawa lile lile: uso huo ni wa mtu mwingine. Akarudi nyumbani, akauza kofia dukani miaka ishirini. Muoka mikate mmoja alimchumbia, akamkataa kwa sababu alizoea kumwita Verity, eti kwa utani.

Verity alipofariki, mwaka 1984, nilimsindikiza shangazi kwenda kutoa pole. Mlango ulifunguliwa na binti wa marehemu, Imogen. Alimwona shangazi, mkono ukamwenda mdomoni.

"Samahani, mwanangu," shangazi alisema. "Nilipaswa kuandika barua kwanza."

Imogen alimshika mkono, akamketisha kwenye kiti karibu na dirisha, akamtazama kwa muda mrefu huku machozi yanamtoka. Shangazi alikaa wima, hakutikisika. Nilitamani kumtoa pale.

Kisha Imogen akajifuta macho. "Mama alisema yule wa stesheni alikuwa mtu aitwaye Enid. Alisema kila mara filamu ile ilipoonyeshwa. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Uliwaza nini, pale uliposimama?"

 Shangazi akaanza kusema. Alisema kuhusu viazi vya Bibi, kuhusu utepe wa Blackpool, kuhusu joto la taa. Chai ikapoa, ikaletwa nyingine. Treni ya jioni ikatupita, tukalala pale pale, na asubuhi niliposhuka niliwakuta jikoni, shangazi bado anaongea.