Vijiko Vitatu vya Magadi

Nilipoolewa nilihamia mtaa wa Mashimoni, kwa mwanamume aliyefiwa na mkewe miaka miwili nyuma na kuachiwa binti wa miaka tisa. Mimi ni mzaliwa wa Kitui, na wakati huo nilikuwa nimeoka mikate na keki kwa miaka sita katika duka moja karibu na kituo cha matatu cha Olympic. Kazi haikunitisha. Aliyenitisha ni huyo mtoto. Hakuwa mkaidi, ukimtuma anaenda, ukimpakulia anashukuru. Aliniita Anti. Baba yake alipomwambia aniite mama, aliacha kuniita chochote kwa wiki nzima, mpaka nikamwomba mume wangu aachane na hilo neno.

Kulikuwa na desturi niliyoikuta katika nyumba ile. Kila mkesha wa Krismasi marehemu alioka biskuti za sukari ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Alizikata kwa kibati cha nyota alichotengenezewa na fundi wa jua kali, kisha yeye na binti yake wakazipamba. Sikukuu yenyewe mama mzazi wa marehemu, nyanya wa mtoto, alikuja kutoka mtaa wa Kawangware kuzila. Alipokufa, hakuna aliyeoka tena. Mume wangu ndiye aliyesema mwaka huo tuoke. Alidhani jambo hilo lingetuleta karibu, mimi na mtoto.

Basi mchana wa mkesha tukawasha jiko nje ya mlango, tukaweka unga mezani. Nilimwambia mtoto, "Wewe ndiye unajua vile mama alikuwa anafanya. Nielekeze."

Akanielekeza vizuri. Siagi na sukari kwanza, zisuguliwe mpaka ziwe nyeupe. Mayai mawili. Ganda la ndimu likwanguliwe juu. Halafu akasema, "Sasa magadi. Vijiko vitatu."

Ilikuwa ile magadi tuliyokuwa tukilainishia mrenda, iliyokaa kwenye mkebe kando ya chumvi. Hata kwenye mboga ikizidi kidogo tu, sufuria nzima inakuwa chungu na kunuka sabuni. Nilimtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatoa siagi kwenye kucha. Nilijua anadanganya. Nikafungua mkebe nikaweka kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Kwa muda mrefu nimewaambia watu kwamba nilitaka kuheshimu neno la mtoto. Si kweli. Nilitaka biskuti ziharibike, nyanya yake azionje, nami nibebe lawama huku mtoto akinitazama. Nilitaka ajue kwamba ningeweza kumsema na sikumsema. Nilijiona mwerevu sana.

Zilitoka zimefura, rangi ya kahawia isiyopendeza. Tulizipoza, tukakoroga sukari laini na maji ya ndimu, nusu tukaiacha nyeupe, nusu tukaitia rangi nyekundu. Mume wangu ni seremala. Mkono unaopiga randa siku nzima ulishindwa kuchora mstari mmoja kwenye nyota, na mtoto akacheka mpaka akashika meza. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo. Halafu akaenda kwenye sanduku la nguo zake akarudi na kichupa cha chembe za sukari za rangi, zile za kunyunyizia. Kilikuwa cha mama yake. Ndani ilibaki robo tu.

Hapo ndipo nilipaswa kumzuia. Nilifungua mdomo, lakini nikikubali sasa kwamba nilijua, ningesema nini? Alinyunyizia nyota moja moja, polepole, akakung'uta kichupa mpaka kikaisha.

Siku ya Krismasi nyanya alifika baada ya ibada, na gauni lake la kanisa bado mwilini. Alipewa ya kwanza. Aliuma, akatafuna kidogo, akaomba maji. Aliongea kwa upole. "Nyar Ukambani," aliniambia, yaani binti wa Ukambani, "mtoto wangu hakuwa anatia magadi."

Nikasema nimekosea vipimo. Mume wangu akaona aibu kwa niaba yangu, akasema jiko la mchanga si kama oveni ya kazini. Binti akachukua nyota moja, akaila yote huku machozi yanamtoka. Nyanya yake alidhani anamlilia mama. Mimi nilikuwa nimeketi pale nikingoja kujisikia mshindi.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa tunaosha vyombo, mimi nasugua, yeye anasuuza. Akaniuliza bila kuinua macho, "Anti, wewe huoka kazini. Ulijua magadi ni nyingi?"

"Nilijua."

"Nilikuwa nangoja useme hapana," akasema. "Ukanyamaza. Nikadhani kumbe wewe unajua namna ya kuzifanya zisiharibike. Ndio nikaweka zile chembe za mama."

Nilimwomba msamaha. Akasema sawa, akaendelea kusuuza. Tangu siku hiyo sijawahi kumwomba mtu msamaha akaniambia "sawa" nikaamini.

Nilimweleza mume wangu. Alikasirika, kisha akanisihi nisilizungumze tena, akisema mtoto atasahau. Januari nilienda Kawangware peke yangu, nikamweleza yule nyanya kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai.

"Yeye alidanganya kwa sababu ni mtoto," akasema. "Wewe je?"

Hakunifukuza wala hakunitukana. Aliniomba tu kwamba Desemba za mbele amchukue mjukuu wake wiki moja, wawe wanaoka wawili. Nikakubali kabla sijamuuliza baba mtu.

Sasa binti yuko sekondari. Amenipita kimo. Tunaishi kwa heshima. Akiugua mimi ndiye ninayempeleka hospitali, na kiatu chake kikikatika ni mimi ninayeambiwa. Lakini kila Desemba anafungasha kibati na kwenda Kawangware. Anarudi na biskuti zilizofungwa kwenye karatasi, anampa baba yake, na mbili ananiwekea kwenye sahani kando. Ni nyororo, zina ladha ya ndimu, na aising yake, ile sukari ya kupambia, imenyooka kuliko niipigayo mimi kazini. Nazila nikiwa nimesimama, namshukuru, naye anaingia chumbani kupanga nguo zake. Sijawahi kualikwa kwenye uokaji huo, na sijaomba.